Utepe Mwekundu Chini ya Bakuli

Wazee wetu walipofariki niliacha skuli nikawalea wadogo zangu hapa Mpendae, na Mama Mkubwa, dada yake mama, akahamia kwetu. Wadogo niliwamudu. Aliyenishinda ni yeye. Ana sukari, na mwaka ule alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Daktari alituambia wazi kwamba asipoacha vitamu, mguu utakatwa.

Ndipo nilipoanza kusoma nyuma ya paketi dukani. Mbele ya boksi la juisi pamechorwa maembe matupu. Nyuma, cha kwanza kimeandikwa maji, cha pili sukari, na embe liko chini huko linaona haya. Nikanunua tepe nikabandika vitu vyote jikoni: nyekundu kwa chenye sukari, kijani kwa cha kula bila wasiwasi. Mama Mkubwa alinisifu mbele ya wageni.

Ramadhani ikaingia. Kwetu futari hupelekwa kwa jirani, na bakuli la mtu halirudishwi tupu. Mimi nilipika muhogo, mchicha na samaki. Yeye akajitolea kupanga bakuli gani liende nyumba gani, nami nikashukuru kupata msaada. Lakini kila akipimwa, sukari iko juu, na kidonda kiko vile vile.

Jioni moja nikiosha vyombo niligeuza bakuli, nikakuta utepe mwekundu chini yake. Nikageuza na mengine. Yenye wekundu yalikuwa yakienda kwa majirani wapikao kaimati za shira na tambi za sukari. Yenye kijani, kwa wapikao kunde. Mekundu yakirudi, safari yao huishia chumbani kwake.

Nikaenda kwa jirani wa kaimati kumweleza. Akashika mdomo.

"Mwanangu, si aliniambia ni zako? Alisema maskini yatima yule, toka mama yake afe hajaonja kaimati."

Siku ya pili bakuli la utepe mwekundu lilirudi limefunikwa vizuri. Mama Mkubwa akafunua: tango na samaki wa kuchoma. Akaliinua, akatazama chini.

"Limepotea njia hili. Lirudisheni."

"Halikupotea, Mama Mkubwa. Limetoka pale pale ulipolipeleka."

Akamtazama samaki kwa muda, kisha akaomba ndimu.

Ilipofika Idi kubwa kidonda kilikuwa kimekauka, akaweza kuvaa viatu vyote viwili. Akatoka navyo moja kwa moja kuelekea nyumba ya kaimati. Nami nikavaa vyangu, nikamfuata.