Beseni langu limeniumbua ufukweni

Leo nimeumbuka mbele ya mtaa mzima. Chekeni tu.

Asubuhi tulikuwa ufukweni, hapahapa kwetu Temeke, tunaokota taka ili tupande mikoko.

Mie ndiye mwenyekiti wa usafi, basi nikashika kipaza sauti:

"Jamani, mvua ikinyesha msimwage taka mtaroni! Zote zinaishia huku!"

Makofi hayo!

Mara jirani yangu, Mama Rehema, akavuta kitu kwenye tope. Beseni jekundu. Akalifuta kwa kanga yake.

Chini limeandikwa kwa rangi ya kucha: MAMA SALMA.

Mama Salma ni mie.

Na beseni hilo ndilo nililomnunia Mama Rehema tangu mwaka jana, eti aliliazima kwenye shughuli hakurudisha.

Hapo ndo nikakumbuka. Siku ya mvua kubwa nilimwaga taka mtaroni, nikaliacha beseni ukingoni, nikakimbilia ndani.

Mama Rehema hata hakugomba. Alilijaza miche ya mikoko, akanitwisha.

"Shika beseni lako, mwenyekiti."

Nimepanda yote bila kuinua kichwa. Ningemtazama nani?

Na wewe unayecheka hapo, beseni lako liko wapi?