Shati la Mfuko Mweupe

Asubuhi baada ya kuzindua riwaya yangu ya kwanza Musoma, nilizunguka mitaa ya Kitaji kwa miguu, kichwa kimevimba kwa sifa. Watu arobaini walikuja ukumbini, na wawili wakaomba kupiga picha na mimi. Nilijiona mtu.

Fundi cherehani aliyetushonea nguo tangu utotoni alikuwa barazani kwake, kofia kichwani, akitia vifungo kwenye shati la bluu lenye mfuko mweupe. Nilisimama. Shati lile nililibuni mimi. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu changu, kijana aliyezama ziwani anarudi nyumbani amelivaa.

Kijana huyo ni kaka yangu. Alivuka kutoka Kisorya kwa mtumbwi miaka kumi na moja iliyopita. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Kitabuni nilimrudisha kwa sababu sikuweza kuvumilia kumzamisha mara ya pili.

"Shikamoo, baba. Hilo la nani?"

"Marahaba. Mama yako kanipigia simu. Kasema mwanae anarudi, nimshonee hili kwa vipimo vyake vya zamani." Alifungua daftari, akaweka kidole juu ya jina la kaka: kifua, bega, mkono. "Nilishindwa kumuuliza. Ningeanzia wapi?"

Nililibeba shati hadi Bunda. Nyumbani Nyasura nilikuta kitanda cha kaka kimetandikwa shuka jipya, na ndara zake zimeoshwa, zimepangwa chini yake. Mama alilipokea shati, akalinusa kwenye kola.

"Katekista alinisomea kitabu chako mpaka mwisho," akasema. "Mbona hukuniambia mapema?"

"Mama, ile ni hadithi. Nimeitunga."

"Wewe una jina la bibi yako. Bibi yako akimwotaga mtu, anakuja kweli. Yeye alikuwaga hatungi."

Nilitaka kumwambia waziwazi kwamba hatarudi. Lakini mama, ambaye miaka yote ile alikuwa akidonoadonoa chakula na kusukuma sahani pembeni, siku hiyo alikula ugali wa muhogo na sato mpaka akabakiza miiba tu. Nikaufyata ulimi.

Uzinduzi wa pili, wa Butiama, ulifanyika kesho yake, kwenye darasa la shule. Mama alikaa mstari wa mbele, shati limekunjwa mapajani. Kiti cha pembeni yake alikiwekea mkoba wake, na kila aliyekiomba alimjibu, "Kina mtu."

Wasikilizaji wakaomba niwasomee mwisho. Niliogopa. Ningeweza kuruka ukurasa, au kutunga palepale mwisho mwingine, nimzike kaka mbele ya mama yake, yaishe. Nilikumbuka sahani ile ya jana, nikasoma nilichoandika. Nilipofika pale kijana anapobisha hodi mara mbili, mama aligeuka kuutazama mlango wa darasa. Kisha akaunyanyua mkoba kutoka kwenye kiti, akaupakata pamoja na shati.

Niliacha kusoma. Nje hapakuwa na sauti yoyote, hata ya watoto. Watu walidhani ninapumzika kidogo, wakasubiri kwa adabu. Hatimaye mwalimu aliyenialika alikohoa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Endelea, dada."

Sikuweza kuendelea. Na mimi nilikuwa nautazama mlango.