Sangara Aliyerudishwa Majini

Nakumbuka, mwanangu, Ijumaa moja nyumbani kwetu Bondeni, pilau imeshapakuliwa, mjomba wangu Salim akitusimulia habari za sangara. Aliendesha mashua ya wageni kule Ziwa Turkana, wale wanaovua kwa mshipi wakitafuta samaki wa kuvunja rekodi. Sangara waliyemnasa, alisema, alimpita yeye kwa urefu. Nami, msichana niliyejiona mjanja, nikacheka kwa sauti. Nikasema samaki wa kusimuliwa hurefuka kila basi la kumrudisha msimulizi likisimama njiani.

Laiti ningalinyamaza. Mzee Athmani alikuwa ameketi nasi mkekani. Mjomba alikuwa amemposa binti yake, na mzee alikuja na jibu. Nilimwona akirudisha tonge sahanini. Nani atamwoza mwanawe mtu mwongo?

Bibi yangu akanigeukia. "Kucheka ushacheka," akaniambia. "Sasa mwulize mjomba wako."

Basi nikauliza, mwanzo kwa haya, kisha kwa hamu ya kweli. Macho ya sangara huyo yakoje? Ya rangi ya dhahabu, yang'aa kama kandili. Ana nguvu gani? Aliivuta mashua mpaka mikono ya mgeni ikafa ganzi. Kila nilipouliza, mjomba alijibu bila kutafuta maneno. Mwisho nikataka kujua uzani wake. Hapo akainamisha kichwa. Hakupimwa. Rekodi yataka samaki apimwe nchi kavu, naye mjomba alimsihi mgeni wamwachie. Sisi ambao samaki kwetu ni kitoweo tulibaki kutazamana, hata bibi.

"Mbona mlimwachia?" akauliza Mzee Athmani.

"Alikuwa jike, mzee. Tumbo limejaa mayai. Sikuweza."

Mzee akalichukua tena tonge lake. "Mwongo angalitutajia uzani," akasema. "Walete wazee wako, tupange siku ya nikaha."

Mwanangu, ukisikia jambo lisilokuingia akilini, usikimbilie kucheka. Uliza, na uulize kwa kutaka kujua. Nilikaribia kumvunjia mjomba nyumba ambayo alikuwa hajaijenga, kwa uvivu tu wa kutouliza. Urefu kamili wa sangara yule siujui mpaka leo, na bado unaniwasha. Mola akujaalie moyo wa kudadisi na subira ya kungoja jibu, na siku utakaposimulia wewe jambo zito, akupe wa kukuuliza.