Alasiri Baba Alipoitwa kwa Jina

Wiki iliyopita, nikirudi Sanyuanli, mtaa ninakoishi huku Uchina, kutoka ofisi ya mizigo, niliwakuta wazee wa Kichina bustanini wakipiga swingi, muziki wa dansi wa kale wa Kimarekani. Kiongozi wao alipaza sauti, "Lao Chen!" yaani Mzee Chen, na mzee wa fidla akasogea mbele akitabasamu, akapiga peke yake. Nikatua mifuko yangu chini.

Utotoni, huko Tanga, baba alinipeleka alasiri moja kwenye ukumbi ulionukia vumbi na mafuta ya nazi. Bendi ya dansi ilikuwa ikitafuta mpiga fidla, naye alikuja kujaribiwa. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka mingi. Wimbo ulipokolea, kiongozi akanguruma, "Haya, Hamisi! Hamisi weee!"

Sikujua kwamba hivyo ndivyo mpigaji anavyopewa zamu yake ya kutamba. Mimi niliona baba anafokewa. Nikakimbia, nikamng'ata kiongozi pajani.

"Lahaula! Hamisi, umetuletea mtoto au mamba?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baba akaiweka fidla chini ili anibembeleze, na zamu yake ikapita. Nafasi akapewa kijana wa Pangani.

Njiani alininunulia kashata. "Usilie, baba. Umenipigania."

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa nilichomharibia, na hata hapo niliona haya kumwomba radhi. Alifariki akiamini kwamba nimesahau alasiri ile, nami nilimwacha aamini hivyo.