Bi Ulimi Aketi Ukumbini

Wenzake jikoni walimwita Bi Ulimi, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na minane alisimama mbele ya majiko ya mgahawa wa Kihindi, na hakuna sufuria iliyotoka bila yeye kuchota kidogo kwa kijiko, akadondoshea kiganjani, akalamba. Akinyamaza, chakula kiende. Akiguna, mnarudi mwanzo. Mke wa mwenye mgahawa, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyemfundisha, na mwishowe hata yule mama alikuwa akimuuliza yeye kama iliki imezidi.

Kisha mafua mazito yakamlaza wiki mbili. Homa ilipoondoka, iliondoka na pua na ulimi wake. Siku aliyorudi kazini alifunua kopo la karafuu, akaingiza uso mzima, ikawa kama kunusa ukuta. Chumvi ikawa mchanga mdomoni. Pilipili ilimchoma tu, bila kumwambia lolote.

Hakusema. Alikuwa mjane, kazi nyingine haijui, na juu ya hayo alikuwa na kiburi. Akaanza kupika kwa macho na masikio. Bizari nyembamba alizisikia zikipasuka kwenye mafuta, vitunguu alivikodolea macho mpaka vikawa kahawia, na mchuzi aliujua umeiva mafuta yakielea juu. Ya kuonja alimwachia binti wa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimwombea kazi pale na kumfundisha jinsi ya kushika kisu. Ikawa binti anaonja kwa kificho, ananong'ona "bado chumvi" au "basi, inatosha", na Mama Mkubwa wake analamba kiganja mbele ya watu kama kawaida.

Waliishi hivyo miezi saba. Mara tatu binti alimsihi aende kwa tajiri, mtoto wa yule marehemu, amweleze ili apewe kazi nyingine. Mara zote tatu aliambiwa afunge mdomo wake.

Siku moja binti akawa mapumzikoni. Samaki walikuwa wamelala kwenye mtindi na viungo tangu juzi, na jokofu lilikuwa limezimika bila mtu kutambua. Kwa macho walikuwa wazima. Msaidizi mmoja alihisi kaharufu, lakini Bi Ulimi alikuwa ameshalamba na kunyamaza, nani amfundishe kazi? Mchana huo watu wa meza mbili waliugua, na mtoto wa miaka minne akalazwa hospitali siku tano. Alipona. Tajiri alipowakusanya jikoni na kuuliza, Bi Ulimi alilitupia jokofu lawama zote.

Kesho yake binti aliingia ofisini, akafunga mlango nyuma yake, akasema kila kitu. Kufika saa kumi Bi Ulimi alikuwa ameshavua aproni. Wiki iliyofuata binti akavishwa koti la mpishi mkuu.

Miezi miwili dada na mdogo mtu hawakusemezana. Mwishowe mdogo mtu, mama wa binti, akashika njia hadi kwa dada yake, akamwambia Jumapili wanakula chakula cha mchana kule kule mgahawani, ukoo mzima, yaishe. Bi Ulimi alikataa, akabembelezwa, akachoka kukataa.

Alikuwa hajawahi kuketi ukumbini hata siku moja. Viti vilikuwa laini kuliko alivyodhani, na mlango wa jikoni, kwa upande huu, ulikuwa na kioo cha kujitazamia. Mhudumu aliyezoea kumwomba makombo ya mikate ya tanuri alimpa orodha ya vyakula kwa mikono miwili, akamwita "mama mheshimiwa", akaepuka macho yake. Vyakula vikaja: wali wa zafarani, kuku wa mchuzi mzito, dengu, mikate ya moto. Wote wakasifia. Bi Ulimi alitafuna kitu cha moto, laini, kilicholowa, akameza.

Binti akatoka jikoni, koti limempendeza, jasho puani. Akasimama karibu na kiti chake.

"Mama Mkubwa, imekaaje?"

Bi Ulimi aliutazama ule mchuzi.

"Vitunguu umevitoa mapema."

"Hilo umeliona kwa macho," binti alisema polepole. "Mimi nimekuuliza ladha."

Mama yake akamkemea, lakini lilikuwa limeshatoka. Bi Ulimi akaweka kijiko chini. Akamwambia binti angekuja kwake kwanza, kabla ya kwenda kwa tajiri, kama mtu na mama yake.

"Nilikuja. Mara tatu. Ulitaka nije ya nne, mtoto wa watu akiwa kaburini?"

Bi Ulimi alivuta sahani, akala mpaka punje ya mwisho, maana hakutaka irudishwe jikoni ina kitu, watu wakae kuijadili. Kisha akawaaga mmoja mmoja, binti pia, kwa mkono.

Siku hizi anachambua mchele na dengu kwenye ghala la nafaka, kazi ya macho. Kila Jumapili binti humtumia bakuli la chakula, na yeye hajawahi kukikataa wala kushukuru. Hukipeleka kwa jirani yake wa mlango wa pili, akakaa kwenye stuli kumtazama akila.

"Imekaaje?"

"Tamu."

"Tamu vipi?"

"Tamu tu, mama. Tamu sana."

Humuuliza tena, kama karafuu imetangulia au iliki, kama ukali uko mwanzoni au unakuja baadaye kooni. Jirani hucheka, akajifuta mdomo, akasema yeye hayo hayajui, yeye anakula tu. Bi Ulimi hungoja amalize, huchukua bakuli lake, akaenda kuliosha.