Magodoro ya Nyasani

Kemuma alipokwenda chuoni kusomea ununuzi, watu wa kwao Marani walicheka. Kununua tu ndiko kunakosomewa? Mama yake aliwaeleza wenzake kanisani kwamba bintiye angekuja kuinunulia serikali vitu, akaishia hapo, maana hata yeye hakujua zaidi. Karo ililipwa na Nyasani, kaka yake Kemuma, aliyeacha shule akaenda Tabaka kuchimba mawe ya kuchongea vinyago. Hakuwahi kumsimanga. Kila Kemuma alipofunga chuo alimkuta kaka yake amemnunulia viatu.

Basi Kemuma alipopata leseni ya taaluma yake na kuajiriwa katika hospitali moja ya serikali upande wa Nyamira, aliishika kazi ile kama wengine wanavyoshika dini. Glavu zilizotoboka alizirudisha. Mfanyabiashara aliyemletea kuku wa Krismasi alisindikizwa na kuku wake mpaka getini. Wafanyakazi wenzake wakambandika jina la Sista, ingawa yeye ni Msabato, na halikuwa jina la kumsifu.

Kisha wodi ya wazazi ikahitaji magodoro. Zabuni ikatangazwa, ikatwaliwa na kampuni ya mtu aitwaye Haron, ambaye Kemuma hakumjua. Asubuhi ya kupokea mzigo lori liliingia uani, na aliyeshuka mbele alikuwa Nyasani, amevaa koti jipya.

"Kaka, umefuata nini huku?"

"Nimeleta magodoro," Nyasani akasema, akitabasamu. "Haron ni jina tu la kuandikisha. Najua sheria yenu haitaki ndugu. Ndiyo maana sikukwambia, usije ukaingia matatani."

Muuguzi Phanice na Okemwa wa stoo, waliokuwa na Kemuma katika kamati ya ukaguzi, wakatazama chini. Kemuma akaomba godoro moja lishushwe. Alilikandamiza kwa kiganja na kiganja kikahisi sakafu ya saruji chini yake. Phanice akampa makasi. Alipolipasua jalada la plastiki, yakamwagika mabaki ya sponji, matambara ya mafundi cherehani na vipande vya magunia yenye ukungu. Phanice akaziba pua.

"Wanawake waliotoka kujifungua ndio walale hapa?" Kemuma akauliza.

"Nilimwachia fundi. Sikupasua nikaangalia ndani." Nyasani alimsogelea, akashusha sauti. "Kemuma, haya ni ya mkopo. Niliweka rehani shamba la chai la Mama. Tia sahihi leo, nitayabadilisha pole pole."

"Mama anajua?"

"Alitia kidole mwenyewe. Alisema maadamu wewe uko ndani, hakuna kitakachoharibika."

Kemuma alisimama pale na makasi mkononi. Angeweza kuukataa mzigo na kunyamaza kuhusu mengine, na huenda kaka yake angepata nafasi ya kurekebisha. Alilijua hilo. Aliukataa mzigo, kisha akaenda ofisini kwa msimamizi wa hospitali, Bwana Mokua, akamweleza kampuni ile ni ya nani hasa. Alipotoka, Nyasani alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori.

"Mimi nilikubebea mawe," akasema. Akapanda, lori likaondoka.

Kampuni ilipigwa marufuku kufanya biashara na serikali. Benki haikungoja, chai ya mama yao ikapigwa mnada. Bwana Mokua alimsifu Kemuma mbele ya wafanyakazi wote, wakapiga makofi, kisha akamwita kando akamwambia aende likizo ya lazima, kwa kuwa mhusika ni ndugu yake na uchunguzi lazima uonekane safi.

Kemuma alipokuwa likizoni, Phanice alimpigia simu.

"Sista, magodoro yamekuja. Wamesema ni dharura, hakukuwa na zabuni. Kampuni ni ya mke wa Mokua."

"Ni mazuri?"

"Ni yale yale. Waliyanunua kwa kaka yako kwa bei ya kutupa. Lile ulilopasua limeshonwa kwa uzi mweusi. Kuna mama amelilalia sasa hivi."

Kemuma aliandika kila mahali pa kuandikia. Walimjibu kwamba malalamiko yake yamepokelewa. Alipomaliza likizo alikuta amehamishiwa zahanati ambayo haikuwa na chochote cha kununua, akapewa meza kando ya choo. Nyasani alikuwa amerudi machimboni Tabaka, na simu yake ilikuwa haishiki.

Jumapili moja Kemuma akaenda Marani. Shamba lilikuwa limenunuliwa na Nyamweya, mstaafu wa mjini, ambaye kwa huruma alimwacha mama yao achume chai palepale, kama kibarua. Mama alikuwa katikati ya mistari, kikapu mgongoni, vidole vikienda upesi kama zamani.

"Mama."

Hakugeuka. Kemuma akatwaa kikapu kilichokuwa kando ya njia, akaingia mstari wa pili, akaanza kuchuma. Walichuma hivyo mpaka jua likawa kali. Mnyapara alipopita alisimama akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Omong'ina, mama mzee, huyu ni binti yako? Mmefanana."

"Mimi nilizaa mmoja tu," mama akasema, "na yuko Tabaka anapasua mawe."

Mnyapara akacheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha, akaenda zake.

Kwenye mizani wachumaji walipanga foleni. Mama alipima yake, akapokea risiti, akajitwika kikapu kitupu na kuondoka bila kutazama nyuma. Ikafika zamu ya Kemuma. Karani akauliza majani yale ayaandike kwa jina la nani.

"Ya yule mama aliyetoka sasa hivi."

Karani akamwita. Mama alikuwa hajafika mbali. Alisimama, akasikiliza aliyoambiwa, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

"Amekataa," karani akasema. "Na wewe huna namba ya mchumaji hapa."

Karani akakiinamisha kikapu cha Kemuma, akayamwaga majani kando ya barabara, akamwita anayefuata.