Watu wa Benchi la Mwisho

Ijumaa ile tulikuwa nyuma ya jiko la mama, mimi na mdogo wangu Elisheba, tunasugua masufuria kwa majivu na kucheka. Kesho yake ilikuwa Karamu ya Upendo, siku ambayo sisi Ndugu tunakula pamoja na kuoshana miguu, na mwanamke aliyeleta sufuria lenye masizi siku hiyo alisemwa mwaka mzima. Elisheba, na haraka zake, alishika kifuniko kilichotoka motoni sasa hivi. Kiganja kikaungua. Nilichana ukingo wa kitenge changu cha njano nikamfunga.

"Kesho utaosha miguu ya watu kwa mkono mmoja," nikamtania.

"Mkono wangu mmoja ni sawa na yako miwili," akajibu, akaendelea kusugua.

Ndiyo siku yetu ya mwisho ya amani. Ilikuwa ya majivu, moshi na utani, na siidai iwe kubwa kuliko hapo.

Ndugu ni jina la kanisa letu. Babu zetu walibatizwa kule nyanda za juu za Kongo, na walipobatizwa wakakataa kushika mikuki katika ugomvi wa machifu. Wakafukuzwa. Wakavuka milima kwa miguu, familia moja baada ya nyingine, hadi ukingo wa msitu ambako hakuna mtu aliyetaka kukaa kwa sababu ya mbu na nyani. Familia ya kwanza kufika ilichonga benchi, ikaliweka mbele ya kanisa la nyasi. Ya pili ikachonga lake, ikaliweka nyuma yake. Ikawa hivyo hadi familia ya mwisho, waliofika ardhi nzuri imekwisha, wakapewa upande wa kinamasi.

Kwetu benchi ndilo ukoo. Mtoto alikaa benchi la baba yake, na mwanamke akiolewa alihamia la mumewe. Watu wa benchi moja hawakuoana, maana benchi moja ni nyumba moja. Mimi niliolewa benchi la tatu, Elisheba akaolewa la mwisho. Kila benchi lilikuwa na beseni lake, na watoto walichovya miguu mwishoni, kila mmoja katika beseni la kwao. Maji ya kinamasi yalinuka, kwa hiyo wanawake wa benchi la mwisho walitia majani ya mchaichai kwenye lao. Hakuna wengine waliofanya hivyo. Tuliwacheka sana. Mnaosha miguu au mnapika chai?

Jumamosi kengele ililia mapema, kukiwa na ukungu. Haikuwa kengele ya karamu.

Vijana waliokwenda kuteka maji walikuwa wameona watu wenye silaha wakiteremka kilimani. Katika vijiji vingine vyote vya upande ule watu walikuwa wametawanyika ovyo, kila mtu na njia yake. Sisi tulipanga mstari. Tulikwenda kwenye mazishi kwa mpangilio wa mabenchi, tulikwenda kubatizwa kwa mpangilio wa mabenchi, na asubuhi ile, bila mtu yeyote kutoa amri, tulikwenda mtoni kwa mpangilio wa mabenchi. Mbele benchi la kwanza, nyuma kabisa watu wa kinamasi.

Mitumbwi ilikuwa michache. Benchi la kwanza likavuka. Benchi la pili, watu wa mzee Yoeli, wakaanza kupanda.

Mimi nilikuwa ukingoni na mwanangu Yona mgongoni.

Nikamwona Elisheba. Alikuwa anatoka mbele, kwenye mitumbwi, anarudi nyuma. Anahema. Mikono mitupu.

Nikamshika nguo. "Kaa hapa na mimi. Tunavuka sasa hivi."

"Nafasi yangu ni kule nyuma, dada."

Akaubandua mkono wangu polepole, akaenda.

Tulipofika katikati ya mto, risasi zilianza. Zilitoka nyuma ya mstari.

Hakuna mtu wa benchi la mwisho aliyevuka. Hivyo ndivyo tulivyohesabiana ng'ambo, na hivyo ndivyo nilivyoamini. Baada ya hapo kundi letu likashika njia ya Tanzania, wengine wakaelekea Burundi, na makambi yakatumeza miaka mingi.

Nimeulizwa mara nyingi kama ule mpangilio ulikuwa upumbavu. Ninajibu bila kusita: mitumbwi ile ingegombaniwa ingezama, na leo nisingekuwa na mwana wala wajukuu. Lakini mstari una mkia, na mkiani alikuwepo mdogo wangu. Mambo hayo mawili ninayabeba pamoja, na sijapata kuliondoa moja kwa kulitumia lingine. Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kitu kidogo. Elisheba alitoka mbele. Alikwenda mbele kufanya nini?

Sasa ninakaa huku Amerika, Columbia Heights, karibu na kituo cha basi, katika nyumba ambayo hita yake inakohoa kuliko mimi. Ndugu tuliosalia tumezagaa Roseville, Saint Paul na majimbo mengine, na mimi ndiye wanayempigia simu wakitaka kujua wametoka wapi. Sijisifu, ninasema lililopo. Mtu akisema hajui ukoo wake, simuulizi jina la babu, kwa maana majina yalibadilika kambini kama nguo. Ninamuuliza: nani alikuwa anakuosha miguu, na wewe ulikuwa unamwosha nani? Akikumbuka hayo, ninamrudisha hadi milimani, familia kwa familia, njia nzima waliyopita.

Ndiyo maana Neema alikuja kwangu. Ni binti anayefanya kazi ofisini Saint Louis Park, mpole, mwenye sauti ya chini. Alilelewa kambi ya Burundi na Tabita, binti wa mzee Yoeli ambaye hakuolewa, na ambaye alifariki Neema akiwa bado mdogo. Alikuwa amechumbiwa na Amosi, mjukuu wa mzee Yoeli, na wazee walikuwa wamekataa. Benchi moja ni nyumba moja. Pasta wetu, mzee Samweli, alisema hawezi kufungisha ndoa ya ndugu na ndugu.

Alikaa jikoni kwangu, koti hajavua, theluji inayeyuka kwenye buti.

"Mama Yona, mi nachoka," alisema. "Banasema mi ni wa kwa Yoeli. Amosi naye ni wa kwa Yoeli. Alors, tuachane? Just like that?"

"Kwanza vua koti. Mkipima damu je?"

"Amosi ali-order kile kipimo cha mate. Lakini mzee Samweli anasema mate haitaonyesha mtu anaikalaka benchi gani. Na mi pia, mama, vraiment, hata kikisema mi si wa kwao, basi mi ni wa nani?"

Hapo nikamwelewa. Mchumba alikuwa nusu tu ya shida yake. Nikamuuliza swali langu la siku zote, akasema Tabita hakuwahi kumwosha, kambini hapakuwa na maji ya karamu. Kabla ya hapo hakukumbuka kitu. Nikakwama, na si kawaida yangu kukwama. Nikainuka kuchemsha chai. Ninanunua mchaichai katika duka la Wavietnamu, ninaupika kwa tangawizi na sukari nyingi kinyume cha amri ya daktari. Nikamwekea kikombe mbele yake.

Akakisogeza mbali. Kisha akacheka kwa aibu.

"Pole, mama. Siwezi kunywa hii. Ni weird, najua. Mi naonaka kama ni ya miguu."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini.

"Ya miguu vipi?"

"Sijui. Harufu yake. Inanifanya nataka kuvua viatu." Alitazama buti zake. "Kuna beseni. Kuna wamama wengi wanacheka."

Mwanamke yeyote wa Ndugu angeelewa palepale. Mtoto huyu hakuwa wa Yoeli. Alikuwa wa kinamasi, na watu wa kinamasi wote walikuwa wamekufa. Nikavuta kiti.

"Mtoni," nikasema. "Nani alikupeleka kwenye mtumbwi?"

Alifumba macho kwa muda. "Mama mmoja alinibeba. Alikimbia sana, kifua chake kilikuwa kinanipiga hapa." Akagusa shavu. "Akaniweka katikati ya miguu ya mama Tabita, akasema nikae kimya, hawa ni watu wetu. Alikuwa na mkono mmoja umefungwa. Kitambaa cha njano."

Nililia pale jikoni mbele ya mtoto wa watu, kwa sauti, na sikujizuia. Alipouliza amekosea nini nikamwambia hajakosea. Nikamwambia kitambaa kile nilikichana mimi. Nikamwambia kwamba mwanamke yule alikuwa Elisheba, mdogo wangu, ambaye hakujaliwa kuzaa, na kila siku alikuwa na mtoto wa shemeji yake kiunoni. Mtoto yule aliitwa Mapendo.

"Mapendo," alirudia, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Elisheba alikuwa ameuvunja mstari mara moja tu. Alimtoa mtoto mkiani akamkimbiza mbele, akampenyeza mahali pa watu wengine, kisha akarudi kwa mumewe na wakwe zake. Na ng'ambo ya mto, katika ukungu, sisi tulijua kuhesabu kwa njia moja tu. Aliyesimama kati ya watu wa Yoeli alikuwa wa Yoeli, na hakuna aliyefikiri kuuliza. Tabita alijua, nina hakika. Alinyamaza ili makambi yasimnyang'anye mtoto, na akafa na siri yake. Simlaumu hata kidogo.

Nilikwenda mwenyewe kwa mzee Samweli, kwa basi, na baridi ile. Nilimweleza tangu kifuniko cha sufuria hadi kikombe cha chai. Alisikiliza, mikono juu ya fimbo, kisha akasema, "Mama Yona, yule mtoto tumemkalisha vibaya miaka yote hii." Kipimo cha mate kilifika baadaye, kikasema nilichokwisha kukisema.

Karamu ya mwaka huu tulifanyia kwenye ukumbi wa chini wa kanisa tunaloazima. Huku watu wanavua buti na soksi mbili mbili kabla mguu haujaonekana, na ukionekana umepauka kama muhogo. Tuliyapanga mabenchi kwa mpangilio wa zamani. Tangu tuje Amerika safu yetu ilikuwa inaishia bila benchi la mwisho. Safari hii mzee Samweli aliwaagiza vijana waliongeze.

Neema alikwenda kukaa pale peke yake. Alikuwa amebeba beseni jipya na fungu la mchaichai. Amosi, kutoka benchi la kwao, alikuwa anamtazama bila kupepesa, na harusi bado mwezi mzima.

Alitia majani kwenye maji moto. Harufu ikapanda, ikaenea ukumbini, ikafika hadi benchi la tatu nilipokaa mimi. Wanawake wa umri wangu wakaacha kuongea, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mnapika chai?" na hatukujua kama tunacheka au tunalia.

Nikaokota viatu vyangu, nikasimama. Binti aliyekaa ubavuni mwangu akanishika nguo.

"Mama Yona, unakwenda wapi? Wewe ni wa hapa."

"Nafasi yangu leo ni kule nyuma," nikamwambia.

Nilitembea miguu mitupu hadi benchi la mwisho, nikakaa pale ambapo Elisheba angekaa. Mapendo alipiga magoti, akauchukua mguu wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, akautia majini.